Mkatekumeni Asomaye Mbali na Mwalimu Wake

Katika mtaa wa Bigo, mjini Bunia, mkatekumeni aliye mtu mzima mara nyingi si mtu wa kukaa mahali pamoja. Mmoja huenda Mongbwalu kutafuta dhahabu, mwendo wa kilomita zipatazo 80, akakaa huko miezi mitatu. Mwingine ni mama anunuaye samaki Kasenyi au Tchomia, ufukoni mwa Ziwa Alberti, na kuwauza sokoni Bunia. Juma hili yuko nyumbani, juma lijalo yuko ziwani. Yuko afyatuaye matofali tangu alfajiri, yuko aendeshaye pikipiki ya abiria hata usiku, na wako waliokimbia vita vijijini mwao, wasiojua mwezi ujao watalala wapi. Hao wote wameomba ubatizo, na majina yao yameandikwa.

Basi somo huwafuata waendako. Katekista humpa mwenye safari kijitabu, humwonyesha kurasa za kusoma, humwagiza ajibu maswali katika daftari. Naye mwenye simu hupelekewa maneno machache kila Jumamosi. Mwalimu yuko huku, mwanafunzi yuko kule, na katikati yao pana barabara na mlima.

Mwanzo wa somo la namna hii huwa mzuri. Daftari ni jipya, kalamu imenunuliwa, na kurasa za kwanza zimejaa maandiko safi. Mwezi wa pili majibu huwa mafupi. Mwezi wa tatu hakuna jibu. Mwenye daftari akimwona katekista njiani huvuka upande wa pili, au huinama kana kwamba anatafuta kitu kilichoanguka. Hakuna aliyemfukuza, wala yeye hakusema kwamba ameacha dini. Ameacha tu, kama moto wa jikoni uzimikavyo pasipo mtu kuumwagia maji.

Watu husema upesi: huyo ni mvivu. Walakini mtu aamkaye saa kumi za usiku kwenda kukanyaga udongo wa matofali hastahili kuitwa mvivu. Wengine husema: somo ni gumu kwa mtu aliyekwisha kukomaa. Hilo nalo si kweli. Yule mama wa samaki huchukua kichwani mwake madeni ya watu ishirini, kila mtu na kiasi chake na siku yake ya kulipa, wala hakosei. Akili iwezayo kushika hayo yaweza kushika sakramenti saba na amri kumi za Mungu.

Iko sababu nyingine, nayo ina nguvu kuliko hizo zote. Msomaji wa mbali huacha somo kwa sababu yu peke yake. Akisoma, hakuna ajuaye kwamba amesoma. Asiposoma, hakuna ajuaye kwamba hakusoma. Mtoto wa shule ana mama wa kumwamsha, ana kengele, ana mwalimu wa kuita majina asubuhi, ana wenzake wa kukimbia nao njiani. Mtu mzima hana hata kimoja cha hivyo. Ameletwa na nia yake mwenyewe, na nia, ingawa ni njema, huchoka ikibeba mzigo peke yake.

Kisha huja aibu, ambayo ni ugonjwa wa watu wazima. Juma la kwanza amekosa kusoma kwa sababu ya kazi. Juma la pili amekosa kwa sababu alikosa la kwanza. Juma la tatu anajiona mdeni, na mdeni hapendi kupita mbele ya nyumba ya anayemdai. Hivyo jambo dogo la juma moja, ambalo lingekwisha kwa neno moja la rafiki, linageuka kuwa miaka. Wako watu wazima waliokaa hivyo hata uzeeni, wamesimama nje ya mlango wa kanisa, wakijua sala zote.

Maandiko Matakatifu yanamjua mtu wa namna hii. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 8, kinasimulia habari ya mtu wa Ethiopia, mkubwa wa hazina ya malkia, aliyekuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu. Alikuwa mtu mzima, mwenye cheo, mwenye gari, tena mwenye kitabu mkononi. Alikuwa akisoma maneno ya nabii Isaya barabarani, wala hakukosa bidii. Lakini Filipo alipomwuliza kama anayafahamu ayasomayo, alijibu pasipo kujificha kwamba hawezi, asipokuwa na mtu wa kumwongoza. Ndipo akamkaribisha Filipo apande na kuketi pamoja naye. Yafaa kuangalia neno hilo la kuketi pamoja. Filipo hakusimama kando ya barabara akipaza sauti. Alipanda garini, akaanzia palepale mtu yule alipokuwa amefika katika kusoma kwake. Safari haijakwisha, wakafika penye maji, na mtu yule akabatizwa.

Tena mtu asidhani kwamba kufundisha watu walio mbali ni jambo lililoanza pamoja na simu na redio. Sehemu kubwa ya Agano Jipya ni barua, nazo ziliandikwa kwa sababu mwalimu alikuwa mbali na wanafunzi wake. Wakristo wa Kolosai ni mfano ulio wazi. Mtakatifu Paulo anakiri katika sura ya 2 ya barua yake kwamba wako kati yao ambao hawajapata kumwona uso. Yeye alikuwa amefungwa. Wao walikuwa mji mwingine. Ni nani basi aliyewafundisha? Sura ya 1 inamtaja: ni Epafra. Huyo ndiye aliyekuwa katekista wao, aliyewapa mafundisho, na ndiye aliyempasha Paulo habari zao.

Hiyo barua ilifikaje, na ilifanyiwa nini? Sura ya 4 inaeleza. Haikutupwa mlangoni. Ilipelekwa na Tikiko, akifuatana na Onesimo, na hao wawili waliagizwa kusimulia kwa kinywa mambo yote yasiyoandikwa. Iliposomwa Kolosai ilipaswa kwenda kusomwa Laodikia, na ile ya Laodikia isomwe Kolosai. Maana yake ni kwamba walikusanyika. Mmoja alisoma, wengi walisikiliza, na katika hao wengi walikuwamo watumwa na watu wa kazi wasiojua kusoma hata herufi moja. Mkatekumeni wa Bigo asiyejua kusoma asijione mtu wa nyuma; wengi katika Wakristo wa kwanza waliipokea imani kwa masikio. Kisha, mwishoni mwa barua, Paulo anataja majina: fulani anawasalimu, msalimuni fulani. Wengine huruka mistari hiyo wakidhani ni salamu tupu. Si tupu. Mtu akisikia jina lake likitajwa kutoka mbali hujua kwamba hajasahauliwa.

Na pale barua isipotosha, Paulo alimtuma mtu. Kwa Wathesalonike, asipoweza kuvumilia tena kukaa bila habari, alimtuma Timoteo aende kuwaimarisha na kujua imani yao iko katika hali gani. Basi hata mwalimu alikuwa na haja ya kupata jibu.

Lakini kuna ushahidi ulio karibu zaidi na Ituri kuliko Kolosai. Ni habari za ng'ambo ya Ziwa Alberti, katika Buganda. Padri Simeon Lourdel, ambaye watu walimwita Mapeera, pamoja na Bruda Amans, walifika huko mwezi wa Februari 1879. Walikuwa wa Shirika la Mapadri Weupe, shirika lile lile lililoeneza misioni pande za Bunia baadaye. Mwezi wa Novemba 1882 mambo ya ikulu ya Mfalme Mutesa yaligeuka kuwa ya hatari, na mapadri wote wakaondoka, wakaenda kusini ya ziwa kuu, katika nchi ya Usukuma. Hawakurudi ila mwezi wa Julai 1885. Kwa muda wa miaka miwili na miezi minane hapakuwa na padri hata mmoja Buganda: hapakuwa na misa wala kitubio, wala barua ya kila juma.

Na hao walioachwa walikuwa Wakristo wa namna gani? Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa walikuwa wamebatizwa mwezi wa Aprili mwaka ule ule wa 1882; Matia Mulumba na Luka Banabakintu mwezi wa Mei. Walikuwa wachanga katika imani, wa miezi sita au saba tu. Kwa hesabu ya kibinadamu, mapadri waliporudi walipaswa kukuta majivu. Walikuta wasomaji wamezidi kuliko walivyowaacha.

Jambo hilo lilifanyikaje? Halikufanyika kwa kila mtu kukaa nyumbani na kukumbuka peke yake. Mukasa aliwakusanya vijana wa ikulu, Kaggwa aliwafundisha watu nyumbani kwake, na kule Mityana, katika jimbo la Ssingo, Mulumba na Banabakintu walikuwa na kikundi chao. Hata baada ya mapadri kurudi, kikundi hicho kilibaki mbali. Kutoka Mityana mpaka misioni, karibu na mji mkuu, ni mwendo wa kilomita kama 70 kwa barabara ya leo, nao walikwenda kwa miguu ili wasikie misa na mafundisho. Na waliporudi waliwafundisha waliobaki. Mmoja katika waliofundishwa hivyo ni Noe Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu, mtu wa kazi ya mikono kama wafyatuaji wa matofali wa Bigo. Alibatizwa tarehe 1 Novemba 1885. Tarehe 31 Mei 1886, miezi saba tu baadaye, aliuawa kwa ajili ya imani hiyo. Somo alilolipata mbali na padri lilimtosha siku ile. Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa mtakatifu, pamoja na Karoli Lwanga na wenzao, tarehe 18 Oktoba 1964.

Hata serikali, ambazo kazi yake si kuhubiri, zimeona jambo hilo hilo. Shule za posta zimekuwako katika nchi nyingi za dunia, na zote zimejua hasara moja: wengi huanza, wachache humaliza. Nchi ya Tanzania ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1973 ilifungua kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, kuwafundisha watu wazima jinsi ya kujikinga na magonjwa kama malaria na kuhara. Mwalimu alikuwa redioni Dar es Salaam, na wanafunzi walikuwa vijijini, watu wapatao milioni 2. Walakini hawakuachwa kila mtu na redio yake. Waliwekwa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyefunzwa kidogo na kijitabu kimoja. Mara moja kwa juma, kwa majuma 12, walisikiliza, wakasoma, wakazungumza, kisha wakaamua kitu cha kufanya kabla ya kukutana tena: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi yenye mbu. Choo kilichochimbwa kilionekana kwa macho, na aliyekichimba hakuona tena kwamba anapoteza wakati. Bunia nayo, katika miaka ile ya 1970, ilipata redio yake ya mafundisho, Radio Candip, iliyoanzishwa na chuo cha ualimu cha ISP. Nayo ilikuwa na vilabu vya wasikilizaji huko vijijini.

Basi mkatekumeni wa Bigo afanye nini?

Kabla ya kufunga mzigo wake wa safari, atafute mwenzi wa somo. Mmoja atosha, ingawa watano au sita ni bora. Wapatane siku na saa, na wapatane ukurasa. Yule aliye Mongbwalu na yule aliyebaki Bigo wasome ukurasa mmoja jioni moja, kisha mmoja ampelekee mwenzake jibu, hata kama ni sentensi moja, hata kama ni kwa sauti katika simu, hata kama ni kwa kinywa cha dereva wa pikipiki ashukaye mjini. Tofauti kati ya kusoma na kusoma huku mtu anangoja jibu ni kubwa kuliko mtu anavyodhani kabla ya kuijaribu. Tena asiende bila barua. Mongbwalu kuna parokia, kama zilivyo parokia mahali pengi pa safari. Karatasi yenye jina lake, hatua aliyofikia na sahihi ya katekista wake itamfungulia mlango huko. Paulo aliandika vivyo hivyo kwa ajili ya Foibe alipokwenda Roma.

Na akikosa? Atakosa, kwa maana mvua hunyesha, mtoto huugua, na risasi zikilia watu hukimbia. Akosapo juma moja au manne, asianze tena ukurasa wa kwanza, wala asijaribu kulipa deni lote usiku mmoja. Afungue ukurasa wanaousoma wenzake leo, aanze hapo. Kurasa alizoruka zitapata siku yake. Wengi wamepotea kwa sababu waliona haya kurudi katikati ya somo. Walitaka kwanza kuwa sawa na wengine, na siku ya kuwa sawa haikuja.

Simu ni msaada, lakini si kila kitu kipitacho katika simu ni somo. Kuna makundi ya simu ambamo sala na picha za watakatifu hupita hamsini kwa siku, na mtu akizitazama zote hudhani amesali. Neno moja lililoandikwa kwa mtu mmoja, lenye jina lake na lenye swali, lashinda hayo yote.

Kwa upande wa katekista na wasimamizi wa ubatizo, kazi yao kubwa si kueleza sana. Ni kujibu upesi. Msomaji aliyetuma majibu yake matatu na kukaa majuma matano pasipo neno amekwisha kufundishwa jambo moja, kwamba majibu yake hayana mtu. Makosa yasahihishwe, lakini si mbele ya kundi, kwa kuwa mtu mzima aliyechekwa mara moja mbele ya vijana hatarudi. Wengine wamejaribu kuwavuta wasomaji kwa kuwapa sabuni au chumvi kila wafikapo. Sabuni huleta watu wanaotaka sabuni. Ikikwisha, nao wamekwisha. Kumtembelea mtu nyumbani, hata kwa dakika kumi, ni kazi ngumu zaidi na ina faida zaidi.

Pengine mtu atauliza: kwa nini safari iwe ndefu hivi? Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, ndiye aliyeagiza kwamba mafundisho ya watu wazima yachukue muda wa miaka minne. Alitaka Wakristo wa kudumu, si wa msimu. Wako waliolalamika hata siku zile kwamba miaka minne ni mingi, na katika mateso ya Buganda mapadri waliifupisha pale hatari ilipokuwa mlangoni: Karoli Lwanga alibatizwa tarehe 15 Novemba 1885, siku ile ile Yosefu Mukasa alipouawa. Lakini safari ndefu huchosha zaidi isipokuwa na alama njiani. Kwa hiyo utaratibu wa ubatizo wa watu wazima, uliotolewa na Kanisa mwaka 1972, umeigawa njia katika hatua: kupokelewa kuwa mkatekumeni, kuchaguliwa wakati wa Kwaresima, kisha sakramenti zenyewe usiku wa Pasaka. Kila hatua hufanyika mbele ya watu. Na neno la kwanza kabisa katika ibada ya kumpokea mkatekumeni ni kumwuliza jina lake. Msomaji aliye mbali afanye bidii awepo katika hatua hizo kwa mwili wake, hata kama masomo mengine yote ameyapata kwa kijitabu na simu.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Kwa nini mtu wa Ethiopia hakuweza kufahamu kitabu ingawa alijua kusoma? Filipo alianza kumfundisha tokea wapi?

2. Epafra alifanya kazi gani kati ya Paulo na Wakolosai? Ni nani afanyaye kazi hiyo katika mtaa wenu?

3. Wakristo wa Buganda walikaa bila padri tangu Novemba 1882 mpaka Julai 1885. Elezeni mambo mawili waliyoyafanya, na moja ambalo kikundi chenu chaweza kulianza juma hili.

4. Tajeni jina la mtu aliyekuwa akisoma pamoja nanyi mwaka uliopita, ambaye haonekani tena. Anakaa wapi sasa? Ni nani katika kikundi atakayekwenda kwake, au atakayempigia simu, kabla ya Jumapili?